Amana ya Khabari: Uwazi wa Watawala na Imani ya Raia katika Karne ya Kwanza ya Hijra

Bismillahir Rahmanir Rahim

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Maswahaba zake wote. Baada ya hayo:

Watu wanapopima uadilifu wa mtawala, aghalabu hutazama mambo mawili: mali na hukumu. Huuliza, je, amekula mali ya umma? Je, amehukumu kwa haki baina ya mkubwa na mdogo? Liko la tatu ambalo husahauliwa, nalo ni khabari. Mwenye madaraka hujua mambo ambayo raia hawayajui: ni kiasi gani kimeingia katika hazina na kimetumika wapi, maradhi yamefika mji gani, kwa nini fulani ameteuliwa na fulani ameondolewa. Je, khabari hizi ni milki yake, azitoe atakapo na azifiche atakapo? Au ni amana iliyo mikononi mwake, na wenyewe ni raia?

Katika makala hii tunakusudia kulitazama suala hilo kwa njia ya historia, tukirejea zaidi mapokezi yaliyothibiti katika Sahihi mbili, kisha tutazame maulamaa walitoa hukumu gani humo, na mwisho tuseme machache juu ya zama zetu. Hatukusudii kumtetea wala kumshambulia mwanasiasa yeyote. Tunalotaka ni ndugu zetu maimamu na wanafunzi waone kwamba suala hili si la kuazima kutoka kwa wengine, bali lina mizizi katika Sharia yetu.

Msingi wa suala

Katika Surat an-Nisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu (s.w.) ameamrisha amana zirejeshwe kwa wenyewe na watu wahukumiwe kwa uadilifu. Imam at-Tabari (aliyefariki mwaka 310 H), baada ya kutaja kauli za waliotangulia, ameipa nguvu ile isemayo kwamba wanaoelekezewa amri hiyo ni wenye kusimamia mambo ya Waislamu. Kwa hiyo madaraka yenyewe, na kila kilichomo ndani yake, ni amana.

Tena imepokewa katika Sahihi mbili, kwa njia ya Ma'qil bin Yasar (r.a.), kwamba mtu aliyepewa raia awachunge, kisha akafa hali ya kuwa anawaghushi, Mwenyezi Mungu humharimishia Pepo. Ghushi haiko katika mizani na vipimo peke yake. Anayewaambia watu hazina imejaa na hali ni tupu, au nchi ina salama na hali ina hatari, amewaghushi.

Na katika Sahihi Muslim, miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu hatasema nao Siku ya Kiyama, ametajwa mfalme mwongo. Al-Qadhi Iyadh, kama alivyonukuliwa na Imam an-Nawawi, amefafanua kwa nini uongo wa mfalme umetengwa na uongo wa watu wengine. Mtu wa kawaida huenda akasema uongo kwa kumwogopa aliye juu yake au kwa kuhitaji kitu kilicho kwa mwingine. Mfalme hamwogopi mtu katika raia zake wala hahitaji kumrai. Anaposema uongo, basi hana kinachomsukuma ila dharau ya haki yenyewe.

Hesabu juu ya mimbari

Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu wa kabila la Azd, akiitwa Ibn al-Lutbiyya, kukusanya zaka za Bani Sulaym. Aliporudi, Mtume (s.a.w.) alimhesabia. Neno hili la kuhesabiwa limo katika riwaya ya Abu Humayd as-Sa'idi (r.a.) iliyo katika Sahihi mbili. Yule mtu akagawa alichokuja nacho mafungu mawili: hili la Waislamu, na hili nimepewa zawadi. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake au mama yake akaona kama zawadi itamjia.

Jambo hilo lingeweza kumalizika hapo, baina ya mtumaji na mtumwa. Lakini Mtume (s.a.w.) alisimama akawakhutubia watu, akalieleza tukio lote, akabainisha hukumu yake, kisha akainua mikono mpaka weupe wa kwapa zake ukaonekana, akimshuhudisha Mola wake kwamba amefikisha.

Hapa tunapata mambo mawili. La kwanza, hesabu ya mtumishi wa umma ilifanywa na khabari yake ikatolewa kwa wenye mali, ambao ni watu waliokusanyika msikitini. La pili, katika khutba hiyo Mtume (s.a.w.) hakumtaja mtu kwa jina. Alisema juu ya mtumishi tunayemtuma, kisha akasema kadha na kadha. Hivyo kitendo cha ofisi kiliwekwa wazi, na heshima ya mtu ikachungwa kwa kadiri ilivyowezekana. Maulamaa wanaozungumzia sitara ya Mwislamu na wanaozungumzia kuwahesabu watumishi wamekutana katika hadithi hii moja, wala hapana mgongano. Dhambi ya mtu baina yake na Mola wake husitiriwa. Mali ya Waislamu aliyoishika haina sitara.

Kuondoa tuhuma kabla haijasemwa

Hadithi nyingine ni mashuhuri kwa kila mwanafunzi wa fiqhi, lakini mara nyingi husomwa katika mlango wa itikafu tu. Mtume (s.a.w.) alikuwa katika itikafu, mwezi wa Ramadhani, na mkewe Bibi Safiyya (r.a.) akaja kumzuru usiku. Alipoondoka, Mtume (s.a.w.) alitoka naye kumsindikiza. Wakapita wanaume wawili wa Kiansari, walipomwona wakaharakisha mwendo. Akawaambia wasiharakishe, na akawajulisha kwamba yule ni Safiyya bint Huyay. Walistaajabu na kumtakasa Mwenyezi Mungu kwamba wangewezaje kumdhania Mtume jambo baya. Akawaeleza kwamba shetani hupita katika mwili wa mwanadamu mapito ya damu, na amechelea asije akatia kitu katika nyoyo zao.

Tazama, ndugu msomaji. Hakuna mwenye haki zaidi ya kuaminiwa bila ya kuulizwa kuliko Mtume (s.a.w.), na wale wawili hawakuuliza wala hawakutuhumu. Pamoja na hayo alitoa maelezo. Imam Ibn Daqiq al-'Id (aliyefariki mwaka 702 H), kama alivyonukuliwa na al-Hafidh Ibn Hajar katika Fat-hul Bari, amechukua humo hukumu pana. Amesema kwamba jambo hili linatiliwa mkazo zaidi kwa maulamaa na wale wanaofuatwa, kwani wakidhaniwa vibaya, hata kama wana sababu njema, elimu yao haitanufaisha tena. Akataja kwamba kwa ajili hiyo wako waliosema kuwa kadhi humpasa amwelezee aliyehukumiwa sababu ya hukumu ikiwa imefichikana kwake, ili tuhuma iondoke.

Tunaona katika maneno hayo kanuni ambayo leo huandikiwa vitabu vizima: mwenye mamlaka haangojei mpaka ashutumiwe ndipo aeleze. Na kwamba kutoa maelezo hakumshushi daraja.

Riziki ya Khalifa na wasii wa yatima

Sayyidna Abubakar (r.a.) alikuwa mfanyabiashara. Alipotawazwa mwaka 11 H (632 Miladia), katika khutba yake ya kwanza aliwaambia watu kuwa amewekwa juu yao naye si mbora wao, akawataka wamsaidie akienda sawa na wamnyooshe akipotoka, na akauhesabu ukweli kuwa ni amana na uongo kuwa ni khiyana. Imam al-Bukhari amepokea kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba aliwakumbusha watu wake kuwa kazi yake ilikuwa ikiitosheleza nyumba yake, na kwamba sasa ameshughulishwa na mambo ya Waislamu, basi watu wa nyumba yake watakula katika mali hii naye atawafanyia Waislamu kazi. Riziki ya mkuu wa dola haikuwa siri. Ilisemwa, na sababu yake ikasemwa.

Kisha Sayyidna Umar (r.a.) amepokewa akijifananisha, katika Baytul-Maal, na msimamizi wa mali ya yatima: akitosheka hujizuia, akihitaji hula kwa wema. Imam ash-Shafi'i naye ameiweka daraja ya Imamu kwa raia zake mahali pa walii wa yatima, na hapo ndipo fuqahaa walipojenga kanuni ya kwamba kila alitendalo mtawala juu ya raia limefungamana na maslaha yao.

Sasa turudi katika Surat an-Nisaa, aya ya 6, ambayo ndiyo asili ya mfano huo. Aya hiyo hiyo iliyomruhusu wasii muhitaji kula kwa wema, inamwamrisha wakati wa kumkabidhi yatima mali yake aweke mashahidi. Kama mfano wa Umar unachukua nusu ya kwanza ya aya, hatuoni sababu ya kuiacha nusu ya pili. Wasii wa umma naye anahitaji mashahidi wa alichopokea na alichotoa. Kutangaza hesabu ndiko kuweka mashahidi, na mashahidi wenyewe ni wenye mali.

Malalamiko ya watu wa Kufa

Katika visa vya zama za Makhalifa waongofu, hiki tunakiona kuwa ni cha mafunzo mengi zaidi, nacho kimo katika Sahihi al-Bukhari kwa riwaya ya Jabir bin Samura (r.a.).

Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.), mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo na kamanda wa vita vya Qadisiyya, alikuwa liwali wa Kufa. Watu wa Kufa wakamshitaki kwa Umar, mpaka wakasema kwamba hata kusali hasali vizuri. Umar alimwita akamuuliza. Sa'd akajibu kuwa huwasalisha kama alivyosali Mtume (s.a.w.), akirefusha rakaa mbili za mwanzo na kuzipunguza mbili za mwisho. Umar akamwambia kwamba hivyo ndivyo alivyokuwa akimdhania.

Mtu angetaraji suala lifungwe hapo. Liwali amejibu, na Khalifa ameridhika. Lakini Umar alituma mtu, au watu, wafuatane na Sa'd mpaka Kufa. Katika riwaya nyingine ametajwa Muhammad bin Maslama (r.a.), ambaye ndiye aliyekuwa akitumwa kuchunguza maliwali. Uchunguzi huo haukufanywa chumbani. Hakuacha msikiti wowote katika Kufa ila aliuliza humo, na watu wakamsifu Sa'd. Walipofika msikiti wa Bani Abs, alisimama mtu mmoja, Usama bin Qatada, akasema kwamba Sa'd hatoki na jeshi, hagawi kwa usawa, wala hahukumu kwa uadilifu. Sa'd alikuwapo akisikia. Akamwombea dua mbaya ikiwa amesema uongo kwa ajili ya kujionesha, na mpokezi anataja namna dua hiyo ilivyompata mtu yule uzeeni.

Umar alimwondoa Sa'd na kumweka Ammar bin Yasir (r.a.). Hilo lilikuwa mwaka 20 au 21 H. Je, kuondolewa huko kulikuwa ni ithibati ya tuhuma? Jibu lilikuja mwaka 23 H (644 Miladia), Umar akiwa amelala na jeraha lililomuua. Alipowataja watu sita wa shura, Sa'd akiwamo, alisema kwamba uongozi ukimfikia Sa'd basi anaufaa, na usipomfikia basi atakayeupata amtake msaada, kwani yeye hakumwondoa kwa kushindwa kazi wala kwa khiyana.

Maulamaa wamechukua katika kisa hiki kwamba Imamu anaweza kumwondoa liwali aliyeshitakiwa, hata kama shitaka halikuthibiti, akiona maslaha, kwa kuzima fitina. Sisi tunaongeza kutazama upande wa khabari. Malalamiko yalipokewa hata yale ya kipuuzi. Mshitakiwa alisikilizwa. Ukweli ulitafutwa mbele ya watu, na kila aliyekuwa na neno alipata nafasi ya kulisema mbele ya mwenyewe. Kisha mtawala alipochukua hatua ambayo ingeweza kufahamika vibaya, alihakikisha kabla ya kufa kwamba sababu imejulikana na jina la mtu limesafishwa. Ni mara ngapi katika zama zetu mtu huondolewa kazini kwa tangazo la mistari miwili, umma ukabaki unakisia, naye akabaki na doa mpaka kaburini?

Siku ya Sargh

Mwaka 18 H (639 Miladia) tauni iliingia Sham, ile iitwayo Tauni ya Amwas. Umar alikuwa safarini kuelekea huko, na alipofika Sargh makamanda wa majeshi, akiwamo Abu Ubayda bin al-Jarrah (r.a.), wakamjulisha khabari ya maradhi. Kisa kizima kimo katika Sahihi mbili kwa riwaya ya Ibn Abbas (r.a.).

Umar aliwaita Muhajirina wa mwanzo, wakakhitalifiana: wengine wakasema umetoka kwa jambo usirudi, wengine wakasema usiwaingize mabaki ya Maswahaba katika maradhi haya. Akawaita Ansari, nao wakakhitalifiana vile vile. Akawaita wazee wa Kikureshi waliohajiri wakati wa Fat-hi Makka, na hao kauli yao ikawa moja: arudi. Umar akatangaza kwa watu kwamba asubuhi atapanda mnyama wake arejee.

Abu Ubayda akapinga mbele ya watu: ni kuikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akasikitika kwamba neno hilo limetoka kwa Abu Ubayda na si kwa mwingine, kisha akajibu kwa hoja: wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda katika kadari ya Mwenyezi Mungu. Akapiga mfano wa mchunga ngamia katika bonde lenye pande mbili, moja yenye malisho na moja kavu. Kokote atakakolisha, amelisha kwa kadari. Kisha akaja Abdurrahman bin Awf (r.a.) ambaye hakuwapo, akawapa hadithi aliyoisikia kwa Mtume (s.a.w.): tauni ikiwa katika nchi msiiingie, na ikizuka mlipo msitoke kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Mwenyezi Mungu na akaondoka.

Khalifa hakuficha kwamba kuna maradhi. Hakuficha kwamba washauri wake wamekhitalifiana, wala kwamba yeye mwenyewe hakuwa na nassi mkononi mpaka mmoja wa raia alipoileta. Uamuzi ulitangazwa, sababu yake ikajulikana, na mkubwa aliyepinga alijibiwa kwa hoja wala hakunyamazishwa. Abu Ubayda alirejea kwa watu wake, na tauni hiyo ndiyo iliyomuua. Kukhitalifiana kwao hadharani hakukuvunja utiifu. Kila mmoja alijua msimamo wa mwenziwe umejengwa juu ya nini.

Muhuri na barua ya khiyana

Uwazi hauna faida ikiwa raia hawana njia ya kujua kwamba lililowafikia ni neno la mtawala kweli. Mtume (s.a.w.) alipotaka kuwaandikia wafalme, aliambiwa kwamba hawasomi barua isiyo na muhuri, akatengeneza pete ya fedha yenye nakshi ya maneno Muhammad Rasulullah, na akakataza mtu mwingine kuchora nakshi kama hiyo. Katazo hili ndilo asili ya ulinzi wa nyaraka za dola. Pete hiyo ilirithiwa na Abubakar, Umar na Uthman (r.a.) mpaka ilipoanguka katika kisima cha Aris katika zama za Uthman, ikatafutwa siku tatu isipatikane.

Na katika zama hizo hizo, mwaka 35 H (656 Miladia), msafara wa watu wa Misri uliokuwa ukirejea kwao ulimkamata mjumbe mwenye barua yenye muhuri wa Khalifa, ikiamrisha waadhibiwe. Sayyidna Uthman (r.a.) aliapa kwamba hakuiandika, hakuiamrisha wala hakuijua. Riwaya za nani aliyeizua zinapingana, na njia ya Ahlus-Sunna ni kuzuia ndimi zetu katika yaliyopita baina ya Maswahaba. Tunalolisema ni hili tu: barua moja ya kughushi ilitosha kuirudisha Madina fitina iliyokwisha kutulizwa kwa mazungumzo.

Mu'awiya (r.a.) alipotawala alianzisha ofisi maalumu ya muhuri, Diwanul Khatam. Sababu yake, kama walivyoitaja at-Tabari na wengine, ni kwamba alimwandikia Amr bin az-Zubayr apewe dirhamu 100,000 kwa Ziyad huko Iraq. Amr akaifungua barua, akaigeuza mia ikawa mia mbili, akapokea 200,000. Ziyad alipopeleka hesabu, Mu'awiya akaikana tarakimu hiyo na udanganyifu ukagundulika. Tangu hapo barua zikawa zinafungwa na kutiwa muhuri. Tuangalie kilichofichua udanganyifu: si ukali wa mtawala, bali ni hesabu mbili zilizokutanishwa.

Umar bin Abdul-Aziz (r.a.), aliyetawala kuanzia mwaka 99 hadi 101 H (717-720), alikwenda mbali zaidi. Ibn Abdil-Hakam, mwandishi wa sira yake, ametaja kwamba aliwaandikia watu wa msimu wa Hija akiwatangazia kuwa atakayemjia kwa ajili ya kurejesha haki iliyodhulumiwa, au kwa jambo ambalo Mwenyezi Mungu atalitengeneza kwa sababu yake, atapewa baina ya dinari 100 na 300 kwa kadiri ya umbali wa safari. Hakungojea khabari mbaya zimfikie kwa uvumi; alizilipia nauli.

Pale siri inaporuhusiwa

Huenda mtu akasema: Je, kila jambo la dola litangazwe? La. Ka'b bin Malik (r.a.), katika hadithi yake ndefu iliyo katika Sahihi mbili, ametaja kwamba Mtume (s.a.w.) alipotaka kutoka vitani aghalabu alificha mwelekeo wake kwa kuashiria kwengine. Na Hatib bin Abi Balta'a (r.a.), mwaka 8 H, alipotaka kuwafikishia Makureshi khabari ya safari ya Makka, barua yake ilikamatwa na kitendo chake kikateremshiwa mwanzo wa Surat al-Mumtahina.

Lakini hadithi hiyo hiyo ya Ka'b imetaja kwamba katika safari ya Tabuk mambo yalikuwa kinyume. Kwa kuwa joto lilikuwa kali, safari ndefu na adui ni wengi, Mtume (s.a.w.) aliwawekea Waislamu wazi jambo lao ili wajiandae. Basi mizani ni hii: siri huwekwa kwa ajili ya kumfichia adui, na inapokuwa raia ndiye anayehitaji khabari ili ajilinde na ajitayarishe, khabari hutolewa. Siri ya kumfichia raia makosa ya watumishi haikuingia katika mlango huu.

Upande wa pili, raia nao wana wajibu. Surat an-Nisaa, aya ya 83, imewalaumu wanaotangaza kila khabari ya amani au ya khofu bila ya kuirejesha kwa wenye kuweza kuichambua, na Surat al-Hujurat, aya ya 6, imeamrisha kuhakikisha. Ila mtu hawezi kurejesha khabari kwa wenye mamlaka ikiwa wenye mamlaka wamefunga mlango na hawasemi. Uvumi hukua penye kimya.

Tunapowakhutubia watu juu ya uwazi

Hapa tunapenda kuwanasihi ndugu zetu makhatibu. Visa viwili hutajwa sana juu ya mimbari katika mlango huu: kisa cha Umar kuulizwa juu ya kitambaa cha nguo yake, na mwanawe Abdullah akasimama kueleza kwamba alimpa fungu lake, na kisa cha mwanamke aliyempinga katika mahari. Cha kwanza hunukuliwa zaidi katika vitabu vya adabu na mawaidha kuliko katika vitabu vya hadithi. Cha pili kimepokewa kwa njia ambayo ndani yake yumo Mujalid bin Sa'id, naye ni dhaifu, na al-Bayhaqi ameihukumu riwaya yake kuwa ni munqati'.

Hatusemi kwamba maana yake ni mbaya. Tunasema kwamba mwenye kuwataka watawala watoe khabari sahihi, aanze yeye kutoa khabari sahihi. Kisa cha Sa'd na kisa cha Sargh vimethibiti na vinatosha.

Zama zetu

Katika nchi zetu jambo hili limeingia katika kanuni. Uganda ilipitisha sheria ya kupata khabari mwaka 2005. Kenya iliiweka haki hiyo katika ibara ya 35 ya Katiba ya mwaka 2010, na sheria yake ikafuata mwaka 2016, mwaka ambao Tanzania Bara nayo ilipitisha sheria kama hiyo. Mwislamu hana sababu ya kuziona sheria hizi kuwa ni ngeni. Katika yale yanayoafiki amana, zinatekeleza tuliyokwisha kuyataja.

Lakini maandishi ni jambo moja na amali ni jambo jingine. Yalipokuja maradhi ya korona mwaka 2020, Tanzania ilisimamisha kutoa takwimu mwanzoni mwa Mei mwaka huo, na kwa zaidi ya mwaka mmoja hesabu iliyosomwa duniani ikabaki ile ile: wagonjwa 509 na vifo 21. Watu walizika, na maimamu waliulizwa maswali ya josho, ya jamaa na ya kusalia maiti, bila ya kuwa na khabari ya kutegemea. Kamati ya wataalamu iliundwa mwaka 2021, na katikati ya mwaka huo takwimu zikaanza tena kutolewa. Kenya nayo, iliyotangaza idadi ya wagonjwa kila siku, ilikumbwa na malalamiko makubwa mwezi wa Agosti 2020 juu ya ununuzi wa vifaa vya tiba, mpaka Bunge likaingia kuchunguza. Huko maradhi yalihesabiwa mbele ya watu, na raia wakawa wanauliza hesabu ya fedha. Hatuyataji haya ili kuwahukumu watu, na waliotangulia mbele ya haki hesabu yao iko kwa Mola wao. Tunayataja kwa kuwa imani iliyopotea katika khabari moja humfuata mtawala katika khabari zote. Chanjo ilipoletwa baadaye, wengi waliuliza: tuamini lipi, la jana au la leo?

Na kabla hatujamaliza, tujiangalie. Msikiti una wakfu, una sanduku la Ijumaa, una mchango wa ujenzi na wa mayatima. Kamati ngapi husoma hesabu zake mbele ya jamaa, hata mara moja kwa mwaka? Mara nyingi anayeuliza huonekana mfitinishaji, na hujibiwa kwamba tunafanya kazi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Ibn al-Lutbiyya naye alitumwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na alihesabiwa. Karatasi moja iliyobandikwa mlangoni, yenye kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, pamoja na saini za watu wawili walio nje ya kamati, inatekeleza amri ya kuweka mashahidi tuliyoitaja. Haihitaji kungojea serikali.

Haya ndiyo tuliyoweza kuyakusanya. Yaliyo sawa ni kwa taufiki ya Mwenyezi Mungu. Tunamwomba awape watawala wetu ukweli wa ndimi, awape raia subira ya kuhakikisha, na atujaalie sisi tuliobeba amana ndogo ndogo misikitini tuwe wa mwanzo kuzitolea hesabu kabla ya Siku ya Hesabu.

Wallahu a'lam. Wabillahit tawfiq.